Akili Zako Ziko Wapi? Meditesheni kwa Mwenye ADHD

Swali: Nina miaka 34. Miaka miwili iliyopita daktari alithibitisha kwamba nina ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini na utulivu viwe vigumu, na ninatumia dawa. Alinishauri nijaribu pia meditesheni. Nimepakua programu mbili kwenye simu, nimenunua hata mto wa kukalia. Programu inasema kaa dakika 20, fumba macho, fuata pumzi, ondoa mawazo yote. Dakika ya tatu nimeshanyanyuka, naenda kutafuta kitu ambacho hata sikikumbuki. Nikijilazimisha kubaki, nasinzia. Na siku nyingi sifiki hata hapo, nasahau kabisa mpaka usiku. Je, sisi wenye ADHD hatuiwezi meditesheni? Nikiiweza, nitaacha dawa? Na mwanangu wa miaka 9, ambaye naye amethibitika kuwa na ADHD, nimkalishe nami?

Jibu: Dada yangu, naanza na maneno uliyoyapita haraka kwenye swali lako: "ondoa mawazo yote." Aliyekupa agizo hilo amekuonea. Hakuna binadamu anayekaa chini akayafukuza mawazo yote kwa kuamua tu, awe na ADHD au asiwe nayo. Umehangaika muda wote huu kufanya jambo lisilofanyika, halafu ukajihukumu kwa kulishindwa.

Neno letu lenyewe linachangia mkanganyiko huu. Tukisema kutafakari, tunamaanisha kulizungusha jambo kichwani mpaka lieleweke. Mwambie mtu "kaa utafakari", ataanza kupanga matumizi ya mwezi. Mwambie kwamba sivyo, atadhani basi anatakiwa asiwaze lolote. Ndiyo maana mimi hutumia meditesheni, ingawa najua masikio ya wengine hayalipendi neno hilo. Kwa aina unayoijaribu wewe, maana yake ni hii: unachagua kitu kimoja cha kukaa nacho, akili inahama, unagundua kwamba imehama, unairudisha. Kuhama nako ni sehemu ya zoezi. Akili isipohama, hakuna cha kugundua wala cha kurudisha.

Mwaka 2012 Wendy Hasenkamp na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, waliwaingiza watu 14 waliozoea meditesheni kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo. Waliwaambia wafuate pumzi, na kila mtu atakapogundua kwamba akili imehama abonyeze kitufe. Wazoefu hao walibonyeza, tena na tena. Picha zilionyesha maeneo tofauti ya ubongo yakipokezana kijiti: la kuhama, la kugundua, la kurudisha, la kukaa, kisha kuhama tena. Miaka miwili kabla yake, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliwauliza watu wazima zaidi ya 2,000 kupitia simu zao, saa yoyote ya mchana bila taarifa, kwamba wanawaza nini muda huo. Karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha kwamba mtu alikuwa akiwaza kitu tofauti na kile alichokuwa akikifanya. Hao ni watu wa kawaida kabisa, wakiwa katika shughuli zao.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba wewe na wao mnaanzia mstari mmoja. Ubongo una mtandao wa maeneo unaochangamka pale tusipokuwa na kazi maalumu, tunapokumbuka ya jana, tunapopanga ya kesho, tunapojadiliana na nafsi zetu. Mtafiti wa ubongo Marcus Raichle na wenzake waliuelezea mwaka 2001. Kwa kawaida kazi ikianza, mtandao huo hupunguza sauti. Mwaka 2007 Edmund Sonuga-Barke na Xavier Castellanos walitoa hoja kwamba kwa mwenye ADHD haupungui vya kutosha, unaendelea kuingilia kazi katikati, na tafiti nyingi zilizofuata zimekwenda upande huo. Kwa lugha ya mtaani, redio ya chumba cha pili haizimwi. Kwa hiyo unahama mara nyingi zaidi, na hili ndilo zito zaidi, unachelewa kugundua. Mwingine anagundua baada ya sekunde kumi. Wewe unagundua ukiwa umeshasimama jikoni.

Lipo jambo la tatu ambalo picha za ubongo hazilionyeshi, na kwangu ndilo kiini cha jibu hili. Nadhani hakuna mtoto mwenye ADHD aliyekulia katika Kiswahili ambaye hajaulizwa "akili zako ziko wapi?" Kaulizwa darasani, kaulizwa mezani, kaulizwa akiwa kasimama na ndoo aliyosahau kuijaza. Lina umbo la swali, lakini hakuna aliyesubiri jibu. Lilikuwa kofi. Ukichapwa kofi hilo mara elfu, unajifunza kulipokea mwenyewe kabla hajafika mpigaji. Sasa mkalishe mtu huyo kimya, mpe zoezi ambalo hatua yake ya pili ni kugundua kwamba akili imehama. Kila akigundua, kofi linatua.

Nikuonyeshe kwa karibu. Mwanamume mmoja, mhasibu, alikuja kwenye kikundi ninachokiongoza akiwa ameshaacha meditesheni mara tatu. Nilimpa kokoto laini alishike mkononi, macho wazi, dakika tatu. Nilimwomba aseme kwa sauti kila akigundua kwamba amehama. Sekunde ishirini za mwanzo kidole gumba kilikuwa kikilisugua kokoto polepole. Kisha macho yakaenda dirishani yakabaki huko, na kidole kikasimama. Nikasubiri karibu dakika nzima. Ghafla akashtuka. Mabega yalipanda, taya ikakaza, akasema, "Aa, mjinga mimi!" Nikamuuliza, "Ulikuwa wapi?" Akajibu, "Samahani, nitajitahidi." Nikamwambia sikuuliza kama atajitahidi, nimeuliza alikuwa wapi. Akanyamaza kidogo. "Nilikuwa namjibu bosi wangu, ile barua pepe ya jana." Mabega yakashuka. Kidole kikaanza tena kusugua, bila mimi kumwambia.

Huyu hakuwa akinyanyuliwa kwenye kiti na ile barua pepe. Kilichomnyanyua siku zote ni "mjinga mimi". Nani akae mahali anapotukanwa kila baada ya nusu dakika? Na wewe, dada yangu, ukichunguza ile dakika yako ya tatu, nina hakika kubwa utakuta tusi kama hilo limepita kabla ya miguu kusimama. Huenda ni fupi mno kiasi kwamba hulisikii kama maneno, unalisikia kama joto kifuani au hamu ya ghafla ya kuondoka.

Kwa hiyo fanyia mazoezi sekunde hiyo hiyo. Ukigundua umehama, jiulize lile swali la zamani, ila safari hii lijibu: akili zangu ziko wapi? Jibu kwa neno moja. Kazini. Kesho. Ugomvi. Deni. Kisha rudi. Usieleze sababu, usiombe radhi, usiahidi. Neno moja linatosha kwa sababu haliipi akili nafasi ya kuanzisha safari nyingine, na pia kwa sababu ni taarifa tu, haina hukumu ndani yake. Wengi niliokaa nao huona ugumu wiki ya kwanza, na wengine hulia. Si ajabu. Ni mara ya kwanza swali hilo linaulizwa na mtu anayetaka kweli kujua.

Sasa mambo ya utendaji, maana najua ukimaliza kusoma utataka kuanza leo.

Dakika 20 ziondoe kabisa. Kozi maarufu ya wiki nane aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts iliwataka washiriki wafanye dakika 45 nyumbani, siku sita kwa wiki, na programu za simu kama hiyo yako zimerithi fikra kwamba kukaa muda mrefu ndiyo kukaa vizuri. Lidia Zylowska, daktari wa akili, alipoandaa mafunzo ya watu wenye ADHD huko Los Angeles, alianza na dakika tano na kufika 15 kwa hatua, huku kutembea kukiruhusiwa badala ya kukaa. Mimi naanza chini zaidi, dakika tatu, na kuna watu nimewaanzishia dakika moja. Kengele ikilia ukiwa bado una hamu ya kuendelea, simama hivyo hivyo. Ubongo wako unakumbuka sana jambo liliishaje, na likiishia pazuri, kesho hautagoma kulirudia.

Pumzi nayo si lazima. Kwa mwenye ADHD pumzi mara nyingi ni hafifu mno, haina uzito wa kuishikilia akili. Tafuta kitu chenye mguso: kokoto, shanga, tasbihi, maji yanayopita mikononi unapoosha vyombo, nyayo zinavyokanyaga sakafu. Ukitembea, tembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi, ukisikia kisigino, unyayo, vidole. Usidhani kutembea ni meditesheni ya walioshindwa kukaa. Mafundisho ya kale ya Kibudha yanataja mikao minne, kutembea, kusimama, kukaa na kulala, na kukaa hakukupewa kiti cha mbele.

Kama bado unaipenda pumzi, ihesabu. Kila ukitoa pumzi, hesabu moja, ukifika kumi anza tena. Njia hii hutumika sana kwa wanaoanza katika madhehebu ya Kibudha ya Zen, na inatufaa sisi kwa sababu namba inakushitaki mapema. Ukijikuta uko 23, umeshajua ulipotea njia tangu 10, huhitaji kusubiri hadi ufike jikoni. Na ukijikuta uko 23, unajua la kufanya: ziko wapi? Neno moja. Anza na moja.

Macho yaache wazi, yakitazama chini mbele yako kidogo. Hili litasaidia na kusinzia kwako, ingawa kusinzia nako nina la kusema. Watu wazima wengi wenye ADHD wana deni la usingizi, wanalala usiku wa manane kwa sababu ndipo akili inapochangamka. Mtu wa namna hiyo akifumba macho mahali patulivu, mwili unadai chake. Ukisinzia kila unapokaa, usijilaumu kwa uvivu, angalia unalala saa ngapi. Na zoezi lifanye ukiwa umesimama.

Kusahau ndiko kikwazo kikubwa kuliko vyote, kuliko hata kuhama, na ajabu ni kwamba maelekezo mengi ya meditesheni hayagusi jambo hilo kabisa. Yanachukulia kwamba mtu akiamua, atakumbuka. Wewe na mimi tunajua sivyo. Arifa ya simu itakusaidia siku chache, baada ya hapo kidole kitaifuta kabla jicho halijaisoma. Kinachodumu zaidi ni kulifunga zoezi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya bila kukumbushwa. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametumia miaka mingi kuchunguza mipango ya umbo la "likitokea hili, nitafanya lile", na imeonekana kuwasaidia watu kutenda kuliko nia tupu, wakiwemo watoto wenye ADHD. Kwa hiyo usiseme "nitafanya kila asubuhi." Sema, "nikishameza dawa, kabla sijaweka glasi chini, nachukua kokoto." Na kokoto likae juu ya kopo la dawa. Likikaa kwenye droo, halipo. Kwetu sisi kisichoonekana hakipo, hilo nalisema kwa uzito wote.

Nimechagua dawa makusudi. Umeuliza kama utaiacha. Mimi nakushauri uitumie kama ngazi. Yupo mgonjwa aliyewahi kuniambia kwamba anaacha kumeza dawa siku za meditesheni ili zoezi liwe "la kweli". Nilisikitika sana. Saa ambayo dawa inafanya kazi ndiyo saa nzuri ya kujifunza, kama vile mwenye miwani anavyojifunza kusoma akiwa ameivaa. Kumbuka tu kwamba dawa nyingi huchukua nusu saa au zaidi kuanza kufanya kazi. Basi ukiona dakika tatu za mara baada ya kumeza ni ngumu, sogeza zoezi mbele, ulifunge kwenye jambo lingine linalofuata, kama kuvaa viatu.

Kuhusu kuacha dawa, jibu langu ni hapana, usiiache kwa sababu ya meditesheni, na usiguse dozi bila daktari wako. Ushahidi uliopo unatia moyo lakini una kiasi chake. Utafiti wa Zylowska uliotoka mwaka 2008 ulikuwa na watu wazima 24 na vijana 8. Wengi walimaliza mafunzo na wakaeleza kwamba dalili zimepungua, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Mwaka 2019 Lotte Janssen na wenzake huko Uholanzi walichapisha utafiti imara zaidi wa watu wazima 120: nusu waliendelea na matibabu yao ya kawaida, nusu waliongezewa mafunzo ya wiki nane. Walioongezewa walipungukiwa na dalili zaidi, na tofauti hiyo ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Sikiliza neno "waliongezewa". Meditesheni ilikuja juu ya matibabu, haikuja mahali pake. Na tafiti za namna hii zina udhaifu usiokwepeka, kwamba mshiriki anajua fika kama amefundishwa meditesheni au hakufundishwa, hivyo matarajio yake huingia kwenye majibu.

Jiandae pia kuchoka. Wiki ya kwanza kokoto litakuwa jipya na litakupendeza. Wiki ya tatu litakuwa jiwe tu. Hapo wengi husema "nimeacha tena, kama kawaida yangu." Ubongo wenye ADHD unaishi kwa upya wa mambo, na upya ukiisha mvuto unaisha, hilo ni jambo la kupangia mapema kama mtu anavyopangia mvua. Weka vitu vitatu au vinne vya kuzungusha: kokoto, nyayo, kuhesabu, sauti za mbali. Ukichoka kimoja, hamia kingine. Ukikosa siku tano, siku ya sita fanya dakika tatu zile zile. Usilipe deni kwa kufanya kumi na tano, ukilipa deni leo kesho hutarudi.

Tahadhari moja, na hii usiipite. Kama umewahi kupitia jambo la kutisha, ukimya unaweza kulileta. Ukiona moyo unakwenda mbio, picha za zamani zinakuja, au unajisikia kama haupo mwilini, acha zoezi papo hapo, tazama vitu vilivyo chumbani, vitaje kwa majina, inuka. Usijilazimishe "kuvuka". Ongea na mtaalamu anayekutibu kabla hujarudi.

Utajuaje kwamba linakusaidia? Usitazame kama unahama mara chache zaidi ukiwa na kokoto, kwa sababu huenda ukagundua mahamo mengi kuliko mwanzo na ukadhani umeharibika. Tazama nje ya zoezi. Unazungumza na mtu, katikati ya sentensi yake unagundua umeshaondoka, na unarudi kabla hajamaliza. Umesimama mbele ya kabati lililofunguliwa, na unajua ulifuata nini. Jibu kali liko kwenye ulimi, na kwa sekunde moja unaliona likiwa bado halijatoka. Yule mhasibu aliniambia baada ya miezi miwili kwamba bado anapotea vile vile, ila sasa safari ya kurudi imekuwa fupi, na hakuna anayempiga mlangoni.

Mwanao usimkalishe. Mtoto wa miaka 9 mwenye ADHD anakalishwa vya kutosha shuleni. Ukimwambia "kaa kimya tufanye meditesheni" ataisikia kama adhabu, na ikitokea ameambiwa hivyo baada ya kosa, itakuwa adhabu kweli, na mlango huo utafungwa kwa miaka. Mwache akuone wewe na kokoto lako. Akiuliza, mpe alishike. Mnaweza kucheza nalo mkiwa njiani: hatua kumi za kusikiliza nyayo, kisha mmoja anamuuliza mwenzake akili zake ziko wapi. Muulize kwa sauti ile unayotumia kuuliza jambo usilolijua, na usimsaidie kujibu. Pengine atakuangalia kwanza usoni kupima kama amekosea. Subiri. Akisema ziko kwa yule ndege juu ya waya, mwangalieni ndege. Kisha ni zamu yake kukuuliza wewe, nawe umjibu kweli.